Mizimu ya Momela

Gari la wazi linakata nyika kwa kasi, vumbi likitimka nyuma yake kama moshi wa tanuri. Juu ya madigadi ya mbele, upande wa kushoto, kumefungwa kiti. Kitini amekaa pande la mtu lenye kofia, mkononi ameshika ufito mrefu wenye kitanzi cha kamba. Mbele yake anakimbia faru. Mara mnyama anageuka, anaukabili msafara, na kishindo cha pembe kwenye bati la gari la pili kinasikika sebule nzima. Mmoja wa wakamataji anatoka hapo akiwa na mguu uliotobolewa.

Hivyo ndivyo inavyoanza Hatari!, filamu ya Marekani ya mwaka 1962 iliyopigwa Momela, chini ya Mlima Meru. Mtoto akiiona kwa mara ya kwanza, husogea karibu na televisheni mpaka akemewe. Anachotaka kujua ni kimoja tu: steringi atamnasa au hatamnasa? Akiirudia miaka thelathini baadaye, mtu yule yule hubonyeza kitufe na kuisimamisha picha hapo hapo. Swali limebadilika. Faru huyu alikuwa kwetu. Yuko wapi?

Kwa kawaida mambo huwa kinyume. Kizazi kilichobanana kwenye mabenchi ya vibanda umiza katika miaka ya 2000 kinazikumbuka Nsyuka na Shumileta, filamu za Mussa Banzi zilizowafanya watoto wa mtaa mzima waombe kusindikizwa msalani usiku. Ukizirudia leo, macho ya ukubwani hayatulii. Yanatafuta poda ilipopakwa, wigi liliposhikizwa, na pale kamera ilipozimwa ili jini apate kutoweka. Kilichotisha kinachekesha, na watu hucheka kwa upendo, kama wanavyocheka wakikumbuka viatu vyao vya kwanza vya shule.

Hatari! haina mzimu hata mmoja. Haina hata adui wa kupambana na steringi. Ni picha ya kutazamwa na familia nzima, bibi na wajukuu, bila mtu kutafuta rimoti kwa haraka. Utotoni ilichekesha. Ni ukubwani ndipo inapoanza kutisha kidogo, kwa sababu karibu kila kinachopita kwenye kioo kimeshaondoka duniani, au kimeondoka Momela.

Mwongozaji wake ni Howard Hawks, mmoja wa vigogo wa Hollywood, aliyekuja Tanganyika mwishoni mwa mwaka 1960 na kikosi cha waigizaji kutoka mataifa mbalimbali. John Wayne, nyota wa picha za makauboi, alicheza kama Sean Mercer, kiongozi wa kundi linalokamata wanyama hai kwa ajili ya bustani za wanyama za ng'ambo. Mwitalia Elsa Martinelli alikuwa Dallas, mpigapicha anayefika kambini bila kutarajiwa. Mjerumani Hardy Krüger na Mfaransa Gérard Blain walikuwa vijana wawili wanaogombea binti mmoja, na Red Buttons alikuwa Pockets, mchekeshaji anayeogopa wanyama anaowakamata. Kampuni yao kwenye hadithi inaitwa Momella, kwa herufi mbili za "l" kama ilivyoandikwa enzi za ukoloni. Filamu ina dakika 157, na kisa chenyewe kingetosha nusu saa: wanakamata, wanarudi kambini, wanakula, wanataniana, kesho yake wanakamata tena.

Ulegevu huo wa hadithi una sababu yake. Huwezi kumwandikia faru mistari ya kusema. Hawks alitaka ukimbizaji wa kweli, hivyo waigizaji wenyewe walipanda magari na kwenda kukamata wanyama kweli, wakisaidiwa na watu waliofanya kazi hiyo kila siku, akiwemo Willy de Beer, mkamataji maarufu wa wanyama wa Tanganyika. Kilichopatikana nyikani ndicho kilichoamua hadithi iende wapi. Karibu na mwisho wa picha, faru aliyekwisha kufungwa anachomoka, na wale wanaume wanamrukia upya kwa kamba. Hiyo haikuandikwa na mtu. Faru alichomoka kweli, na Hawks akaiacha kamera iendelee kuzunguka. Russell Harlan, aliyesimamia upigaji picha, aliteuliwa kuwania tuzo ya Oscar kwa kazi hiyo.

Mtoto huona ushujaa. Mtu mzima aliyewahi kusikia mawili matatu kuhusu wanyamapori huona jambo jingine, na hupatwa na hamu ya kupiga kelele waache. Mnyama mkubwa akikimbizwa kwa muda mrefu, joto la mwili wake hupanda, misuli hujaa tindikali na kuanza kuharibika. Anaweza kuonekana mzima akifunguliwa, kisha akafa siku kadhaa baadaye. Ndiyo maana leo daktari wa wanyamapori humpiga faru sindano ya usingizi kwa bunduki, humfunika macho kwa kitambaa na kummwagia maji ili apoe, na kazi nzima hupimwa kwa dakika. Etorfini, dawa iliyofanya jambo hilo liwezekane kwa wanyama wakubwa, ilitengenezwa maabara kwa mara ya kwanza mwaka 1960, mwaka ule ule Hawks alipowasili Momela. Ufito na kitanzi anavyoshika John Wayne vilikuwa zana za ufundi uliokuwa ukingoni kabisa mwa siku zake.

Halafu kuna twiga. Kwenye filamu anakimbizwa, ananaswa shingo na kupakiwa, muziki ukiwa wa uchangamfu. Mtanzania yeyote anayesoma magazeti hawezi kuitazama sehemu hiyo bila kukumbuka Novemba 2010, wanyama hai zaidi ya 100, twiga wakiwemo, walipopakiwa kwenye ndege ya kijeshi katika Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Kilimanjaro na kupelekwa Qatar. "Twiga kupanda ndege" likawa neno la mtaani na hoja ya bungeni. Mwaka 2016 serikali ikasimamisha usafirishaji wa wanyama hai kwenda nje. Uwanja huo hauko mbali na Momela. Unashuka tu kwenye tambarare.

Njia ya kufika kwenyewe haijabadilika sana. Ukitoka mjini Arusha kwa barabara ya Moshi unapita Tengeru, unafika Usa River, kisha unakunja kushoto kuupandia mlima. Geti la kwanza la hifadhi ni Ngongongare. Hapo mbele unakutana na uwanda mdogo wa nyasi ambao watu wameupachika jina la Serengeti Ndogo, wenye nyati na pundamilia, na ngiri wanaokimbia mikia ikiwa juu. Kulia kwako iko kreta ya Ngurdoto, imezungukwa na msitu wa mbega weupe. Ukiendelea, ardhi inafunguka na maziwa ya Momela yanajitokeza moja baada ya jingine, Momela Kubwa na Ndogo, Rishateni, Tulusia na wenzao.

Maziwa hayo ni mabaki ya ajali kubwa ya kale. Takriban miaka 8,000 iliyopita ukuta wa mashariki wa Mlima Meru uliporomoka, na matope, mawe na majivu yakamwagika hadi mbali kwenye tambarare. Maji yakajaa kwenye mashimo yaliyobaki kati ya vilima vya kifusi. Yana magadi, na kwa kuwa kila ziwa lina viumbe wadogo wa aina yake, kila moja lina rangi yake. Heroe huja kula humo. Asubuhi isiyo na mawingu, mtu akisimama hapo ana Meru yenye mita 4,566 upande mmoja na Kilimanjaro upande wa pili. Hawks hakuhitaji kujenga mandhari.

Lakini faru hayupo. Alikuwepo, Ngurdoto na kando ya maziwa, hata baada ya eneo hilo kulindwa. Kreta ilitangazwa kuwa hifadhi ya taifa mwaka 1960, maziwa yakaongezwa mwaka 1962, mlima mwaka 1967, na jina likawa Hifadhi ya Taifa ya Arusha. Ulinzi wa kwenye karatasi haukuwazuia majangili. Mwaka 1970 Afrika nzima ilikadiriwa kuwa na faru weusi 65,000. Kufikia katikati ya miaka ya 1990 walikuwa wamebaki karibu 2,400. Tanzania iliyokuwa nao kwa maelfu ikabaki na makumi. Pembe zilikwenda Yemen kutengenezewa mipini ya majambia na Asia ya mashariki kusagwa dawa. Momela hakubaki hata mmoja.

Uchache huo ndio uliowafanya faru wapewe majina na kufuatiliwa kama ndugu. Desemba 2016 nchi nzima ilimjadili faru mmoja, John, aliyehamishwa kutoka Ngorongoro na kufia Grumeti, hadi pembe zake zikapelekwa kwa Waziri Mkuu Kassim Majaliwa. Miaka mitatu baadaye, Desemba 2019, Ngorongoro ilitangaza kifo cha Fausta, faru jike aliyekadiriwa kuwa na miaka 57. Ukipiga hesabu unarudi mwaka 1962. Fausta na Hatari! walikuwa rika moja.

Tembo wa filamu wana kisa kingine, na hao ndio walioifanya ipendwe na watoto. Dallas anamkuta ndama wa tembo aliyefiwa na mama yake na anagoma kumwacha afe. Kambi nzima inahangaika kukamua mbuzi ili apate maziwa. Ndama wa pili anafika, kisha wa tatu, na wenyeji wanampa Dallas jina la Mama Tembo. Anapowapeleka kuoga, mtunzi Henry Mancini anawapigia wimbo wa klarineti unaotembea kwa kuyumbayumba kama wao. Wimbo huo, Baby Elephant Walk, ulikuja kuwa mashuhuri kuliko filamu yenyewe. Wengi wanaoupiga mluzi hawajui kwamba ulitungwa kwa ajili ya ndama waliokuwa wakitembea mkoani Arusha.

Sherehe ya kumpa Dallas jina ndiyo sehemu ambayo mtazamaji mzima huinuka kwenda kuchemsha chai, au hukaa na kuitazama kwa makini kupita zote. Mgeni anapakwa rangi, ngoma zinapigwa, watu wanacheka. Utotoni ilikuwa shamrashamra tu. Ukubwani unaona kuwa wengi wa wanaomcheza ngoma hawana majina kwenye hadithi. Wako kila mahali: wanashika kamba, wanaendesha magari, wanaleta chakula mezani, wanaona mnyama kabla darubini za wageni hazijamwona. Wanajibu kwa Kiswahili, neno moja au mawili, kisha kamera inaondoka. Hata jina la filamu limetoka vinywani mwao.

Mzee wa Kimeru aliyekuwa mtu mzima filamu ilipopigwa angeiona tofauti zaidi. Kaskazini tu mwa Momela iko Ngare Nanyuki. Novemba 1951 serikali ya Waingereza iliwahamisha Wameru wapatao 3,000 kutoka huko kwa nguvu na kuzichoma nyumba zao, ili ardhi igawiwe walowezi wa Kizungu kwa ufugaji. Mwaka uliofuata Kirilo Japhet, kijana wa Kimeru, alisafiri hadi New York kuwasilisha malalamiko yao Umoja wa Mataifa, kwa kuwa Tanganyika ilikuwa nchi ya udhamini wake. Aliungwa mkono na wengi, lakini azimio la kuwatetea halikupata theluthi mbili za kura. Baadaye yeye na wakili Earle Seaton waliandika kitabu juu ya kesi hiyo, kilichotoka mwaka 1967. Kamera za Hawks zilifika miaka tisa tu baada ya moto ule. Nyika inayoonekana tupu na huru, ambayo John Wayne anaikata kwa gari bila kumwomba mtu njia, ilikuwa jirani na ardhi iliyotolewa watu jana yake.

Walowezi wenyewe waliacha hadithi zao Momela. Margarete Trappe, Mjerumani aliyefika mwaka 1907, aliishi hapo sehemu kubwa ya maisha yake na akajulikana kwa uwindaji enzi ambazo wanawake wachache sana walifanya kazi hiyo. Alinyang'anywa shamba baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, akarudi, na akafariki mwaka 1957. Husimuliwa mpaka leo kwamba alipofariki, tembo walitoka porini na kukusanyika nyumbani kwake. Kama Momela ina hadithi ya mizimu, ni hiyo.

Hardy Krüger aliinunua sehemu ya ardhi hiyo baada ya filamu. Kwenye picha ni kijana mwenye nywele za dhahabu, dereva hodari anayecheka kwa urahisi. Ukubwani unasoma habari zake na kicheko kinapata kivuli. Alizaliwa Berlin mwaka 1928, akasomeshwa kwenye shule ya wateule wa Hitler, na mwaka 1945 akapelekwa vitani akiwa bado kijana mdogo. Alisimulia kwamba alihukumiwa kifo kwa kukataa kuwapiga risasi Wamarekani, akanusurika. Momela alijenga hoteli, akalima, akaishi zaidi ya miaka kumi kabla ya kuondoka katika miaka ya 1970. Nyumba yake ya zamani leo ni sehemu ya hoteli ya kitalii inayoitwa Hatari Lodge.

Tarehe nazo zinazungumza. Upigaji picha ulimalizika mapema mwaka 1961, Tanganyika ikiwa bado chini ya Uingereza. Septemba mwaka huo, mkutano wa uhifadhi wa Afrika ulifanyika Arusha, na Julius Nyerere akatoa Tamko la Arusha juu ya wanyamapori, ambalo halipaswi kuchanganywa na Azimio la Arusha la 1967. Alitamka kwamba wanyama hao ni amana na serikali yake itawatunza. Desemba 9 ikaja Uhuru. Filamu ilipotoka Juni 1962, nchi iliyokuwa ndani yake haikuwepo tena. Watazamaji wa Marekani walikuwa wanaangalia nchi ya udhamini iliyokwisha kuwa huru.

Nao waliokuwa wanacheka mezani pale kambini wamekwenda, mmoja mmoja. Hawks alifariki mwaka 1977, Wayne 1979, Blain 2000, Buttons 2006, Martinelli 2017. Krüger alikuwa miongoni mwa wa mwisho. Alifariki Januari 2022 huko California akiwa na umri wa miaka 93.

Pamoja na yote hayo, picha haijaacha kufurahisha, na hapo ndipo ugumu wa kuirudia ulipo. Mtu mzima anajua kuhusu faru, anajua kuhusu Ngare Nanyuki, lakini Pockets anapotengeneza roketi ya kurusha wavu juu ya mti uliojaa tumbili, huku amefumba macho kwa woga, kicheko kinatoka kabla akili haijakizuia. Kuna wanaoamua kuiacha kwenye kumbukumbu isije ikaharibika. Wengine huitazama na watoto wao na kusimamisha kila baada ya dakika kumi kueleza, mpaka watoto wanachoka. Njia ya tatu ni kuwaacha waangalie mpaka mwisho, halafu Jumamosi kuwapandisha gari mpaka Ngongongare, waone wenyewe twiga wasiokimbizwa, maziwa yenye rangi zake, na geti la Momela ambako wapanda mlima wanaanza safari wakiongozwa na askari mwenye bunduki kwa ajili ya nyati.

Mwishoni Dallas anakimbia kambi, na Sean anawatumia ndama wa tembo kunusa harufu yake. Wanamfuata hadi mjini Arusha, wanapita barabarani magari yakiwapisha, wanaingia dukani, wanaingia hotelini. Mtazamaji wa Arusha huwa hawaangalii tembo hapo. Anaangalia nyuma yao, anatafuta jengo analolifahamu, kona ambayo leo ina wakala wa simu na vijana wa bodaboda.

Kisha usiku wa harusi, mlango wa chumba unasukumwa, ndama wanaingia mmoja baada ya mwingine, na kitanda kinavunjika. Mtoto aliyeketi kwenye zulia anaanguka kwa kicheko, anaparamia magoti ya mzazi wake na kuomba irudishwe nyuma, pale tembo wanapoanza kukimbia.